Nodi Isiyo na Jina

Ukifungua faili la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa lebo, kwa programu na kuitaka ikuonyeshe mti wake, utakuta kila tawi lina jina lake, isipokuwa yale yaliyobeba maneno ya watu. Aya ina jina. Tanbihi ina jina. Mfano wa matumizi ya neno katika kamusi una jina, na aliyebuni faili alikaa akapanga nani aitwe nini, nani awe mzazi wa nani, nani aruhusiwe kukaa na nani. Maneno yenyewe hayakupangiwa chochote. Yamekaa pale yalipopata nafasi, kati ya lebo na lebo. Iko maktaba ya programu iitwayo libxml2, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo Daniel Veillard aliianzisha ndani ya mradi wa GNOME na ambayo leo imejificha chini ya programu nyingi tunazozitumia bila kujua. Humo kila nodi, yaani kila tawi la mti, ina sehemu ya kuwekea jina, na kila nodi ya maandishi, iwe imebeba herufi moja au hadithi nzima, huandikiwa jina lilelile: text.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoliwaza ndivyo ninavyoona kwamba si la mafundi peke yao. Kitu chenye thamani kuliko vyote ndani ya faili ndicho kisicho na jina, na kikipotea hakuna ndani ya mashine wa kukiulizia.

Mkoa wa Mara umejaliwa lugha nyingi katika eneo dogo. Musoma mjini na vijijini mwake unasikia Kikwaya na Kijita. Ukifika Butiama ni Kizanaki, lugha aliyozaliwa nayo Mwalimu Nyerere. Ukikata kuelekea Buswahili, karibu na Mto Mara, unakutana na Kikabwa. Na ukirudi kwa njia ya Bunda unapita kwa Waikizu na Wasizaki. Ng'ambo ya mto wako Wasimbiti, Wakurya na Wajaluo. Kiswahili kimetanda juu ya lugha zote hizi, sokoni, shuleni, kanisani, na ndani ya sentensi za lugha zenyewe. Baadhi yazo zina wasemaji wachache mno, na kurasa zilizowahi kuandikwa kwa lugha hizo ni chache zaidi. Musoma kuna ofisi ya shirika la SIL, ambako kwa miaka mingi wenyeji na wataalamu wa isimu wamekuwa wakizitafutia lugha hizi tahajia, wakikusanya misamiati, wakiandika hadithi na kutafsiri Biblia.

Kazi ya namna hiyo siku hizi huishia kwenye XML. FieldWorks, programu ambayo wanaisimu wa lugha nyingi ndogo duniani huitumia kutengenezea kamusi, huhifadhi data yake kwa XML, na ukitaka kuitoa kamusi nje inakupa muundo uitwao LIFT, ambao nao ni XML. Paratext, inayotumiwa na watafsiri wa Biblia, hutoa USX, ambayo ni XML vilevile. Kila lugha ina alama yake ya herufi tatu katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3: Kikabwa ni cwa, Kizanaki ni zak, Kiikizu ni ikz, Kijita ni jit, Kikwaya ni kya. Alama hizo huandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo lebo inajua kwamba hapa pana neno la Kikabwa. Ni neno gani, haijui.

Kutoka kwenye faili hilo hadi kwenye kitabu, au programu ya simu, au karatasi ya darasani, njiani kuna skripti. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi anaandika mistari michache ya Python au Perl: ondoa hiki, badilisha kile, panga kwa alfabeti. Skripti yake haiugusi mti moja kwa moja. Mti umejengwa na libxml2 kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa C, maana C ni nyepesi kwa mashine na nzito kwa binadamu. Kati ya mti huo na kijana wetu amekaa mkalimani, yaani kiunganishi: lxml kwa wanaotumia Python, XML::LibXML kwa Perl, Nokogiri kwa Ruby, na PHP nayo ina chake. Vyote vinne vimesimama juu ya maktaba ileile moja. Lakini nodi ileile ya maandishi, ukiitazama kupitia viunganishi hivi, haionekani sawa, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mtu sentensi yake.

Tuchukue mstari mmoja. Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mfano:

<p>Wavuvi walirudi<note>Usiku wa manane.</note> bila nyavu zao.</p>

Mtu yeyote wa mwaloni anajua uzito wa habari hii. Kurudi bila nyavu ni kurudi umefilisika. Nyavu zimeibwa ziwani au zimechukuliwa na dhoruba, na nyumbani kuna watoto na deni. Katika mstari huu kuna aya, na ndani yake tanbihi. Kwa mujibu wa DOM, kanuni ambayo shirika la W3C lilitoa toleo lake la kwanza Oktoba 1998, miezi michache baada ya XML yenyewe kuidhinishwa tarehe 10 Februari mwaka huo, aya hii ina watoto watatu walio ndugu: maandishi, kisha elementi ya tanbihi, kisha maandishi tena. Maneno "bila nyavu zao" ni mtoto halali wa aya, sawa na mwenzake wa kwanza. Perl kupitia XML::LibXML inakuonyesha hivyohivyo. Mwambie aya amtoe mtoto wake tanbihi, atatoka peke yake, na ndugu zake wawili watabaki.

Python inauona mti kwa macho mengine. lxml ilifuata mtindo wa ElementTree, ambao Fredrik Lundh aliubuni, na katika mtindo huo hakuna kabisa kitu kinachoitwa nodi ya maandishi. Kuna elementi tu. Kila elementi ina sifa mbili za kubebea maneno: text, yaani maneno yaliyo ndani yake kabla ya mtoto wake wa kwanza, na tail, yaani maneno yaliyoifuata baada ya kufungwa kwake. Kwa hesabu hiyo, "Wavuvi walirudi" ni mali ya aya. "Usiku wa manane." ni mali ya tanbihi. Na "bila nyavu zao" si mali ya aya tena, ni mkia wa tanbihi.

Sasa kijana wetu anataka nakala safi isiyo na tanbihi, ya kuwasomea watoto. Anaandika amri fupi ya kuiondoa, p.remove(note). Tanbihi inaondoka, na kwa kuwa mkia hufuata mwili, "bila nyavu zao" inaondoka nayo. Kinachobaki ni hiki:

<p>Wavuvi walirudi</p>

Itazame vizuri. Sentensi imekamilika, ina kiima na kiarifu. XML ni halali, hakuna lebo iliyoachwa wazi. Schema, ile sheria inayokagua kama faili limefuata mpango, italipitisha bila neno, kwa sababu schema hukagua majina na nafasi za elementi, na kilichopotea hakikuwa na jina. Msomaji asiyeijua hadithi atafurahi kwamba wavuvi wamefika salama. Kilichofutwa ni nukta moja na maafa ya familia nzima.

Simlaumu Lundh. Mtindo wake ni mwepesi na mzuri mno pale data inapofanana na fomu: jina, umri, kata, kijiji, kila elementi imebeba thamani moja na baada yake hakuna kitu cha maana. Waliotengeneza lxml nao wanaijua hatari hii. Wameweka amri ya strip_elements ambayo ukiiambia with_tail=False inaondoa elementi na kuuacha mkia mahali pake, na upande wa HTML wameweka drop_tree, ambayo huyaunganisha maneno ya mkia na yale yaliyotangulia. Njia ipo. Ila mtu asipotaja chochote, strip_elements hufagia pamoja na mkia, na mimi naona kwamba lile ambalo programu hulifanya pale usipotaja chochote ni maoni kamili ya mbunifu kuhusu nani ni muhimu. Hapa maoni ni kwamba elementi ndiyo mwenyeji, maneno ni wafuasi wake. Kwa lugha ambayo kurasa zake ni chache kiasi cha kila moja kuwa hazina, ningependa maoni yawe kinyume.

Ukiiangalia USX ndipo utaona jambo hili lilivyo zito. Katika muundo ule, mstari wa Biblia haufungwi ndani ya elementi yake. Elementi ya verse ni alama tupu inayotaja namba, na maneno ya mstari yanakuja baada yake, yakiwa huru ndani ya aya. Ukitazama kupitia lxml, sehemu kubwa ya maneno ya kitabu ni mikia ya namba. Anayetaka kuondoa namba ili hadithi isomeke kwa mtiririko, akitumia amri ile ile fupi, atabaki na kurasa karibu nyeupe. Hilo halinitishi, kwa kuwa kurasa nyeupe zinaonekana mara moja na mtu atashtuka. Kinachonitisha ni tanbihi, maana zimetawanyika moja huku na moja kule, na kila moja ikitolewa vibaya huondoka na nusu ya pili ya sentensi moja tu. Ukurasa unabaki umejaa.

Kamusi ina mtego wa kwake, na kwa Mara naona ndio mkubwa zaidi. Katika LIFT, sentensi ya mfano hukaa ndani ya elementi iitwayo text, na pale ambapo katikati ya sentensi pana neno la lugha nyingine, neno hilo huzungushiwa elementi ndogo iitwayo span yenye alama ya lugha yake. Sasa mfikirie mama wa Buswahili akitoa mfano wa sentensi kwa ajili ya kamusi. Anazungumza Kikabwa, lakini anataja hospitali, mwenyekiti wa kijiji, shilingi, pikipiki. Hivyo ndivyo watu wanavyozungumza, na mkusanyaji mwaminifu ataandika hivyohivyo, kisha ataliwekea kila neno la Kiswahili alama ya sw. Anakuja mwenye skripti, anaiuliza elementi maneno yake kwa sifa ya text, naye anapewa kila kitu hadi neno la kwanza la Kiswahili. Pale panakatwa. Kikabwa kilichofuata baada ya hapo ni mkia wa neno la Kiswahili. Katika mti huu, kwa mtazamo wa kiunganishi hiki, lugha ndogo imegeuzwa kuwa kifuasi cha lugha kubwa ndani ya sentensi yake yenyewe.

Nalisema hili nikiwa mpenzi wa Kiswahili na nikiandika kwa Kiswahili. Hakuna aliyekusudia. Aliyebuni ElementTree hakuwa na Kikabwa akilini, na mkusanyaji aliyeweka alama ya sw alikuwa akifanya kazi yake kwa uangalifu. Uangalifu wa mmoja na wepesi wa mwingine vilipokutana, maneno ya mama yule yakaanguka katikati. Tena sentensi zinazokatika hivi si za kubahatisha. Ni zile zilizochanganya lugha, yaani zile za maisha ya leo. Sentensi za zamani, za mifugo na mavuno na mizimu, hupita salama kwa sababu ndani yake Kiswahili ni kidogo. Kamusi iliyotengenezwa hivyo itawaonyesha wajukuu lugha iliyokomea kwa babu zao.

Tiba yake haina ugumu. lxml ukiiuliza kwa XPath, lugha ya kuulizia mti, kwa swali la //text(), inakupa vipande vyote vya maneno kwa mpangilio wake, na kila kipande kinakumbuka kilikotoka: kina getparent ya kumtaja elementi aliyekibeba, na kina is_tail ya kusema kama kilikuwa mkia. Hapo maneno yanapata angalau anwani. Unaweza kupita kimoja baada ya kingine, ukabadilisha unachotaka, ukarudisha kila kimoja mahali pake, kwenye text au kwenye tail. Lazima ukirudishe kwa mkono wako, maana kipande ulichopewa ni nakala. Ukikibadilisha hukuubadilisha mti. Mti uko kule chini kwenye C, haujui unachofanya huku juu.

Na huko chini nako kuna mambo. Mwenye Perl asidhani kwamba yeye amesalimika kwa kuwa XML::LibXML inamwonyesha nodi zote. Akishaitoa tanbihi, ndugu wawili wa maandishi wanabaki wamekaa bega kwa bega bila kuungana. Akitafuta maneno "walirudi bila" nodi kwa nodi hatayapata, ingawa kwenye ukurasa yanasomeka, kwa sababu neno moja liko kwa huyu na jingine kwa yule. Inabidi kwanza auite mti ujisawazishe, kwa amri ya normalize, ndipo walio jirani waunganishwe kuwa nodi moja. Kosa la kutafuta na kutopata ni dogo ukililinganisha na kufuta, lakini anayesahihisha tahajia kwa skripti, akitaka kila mahali pabadilike, ataacha sehemu nyingine na ya zamani na nyingine na mpya.

Kuunganishwa huko kuna upande wake wa hatari. libxml2 ina kazi iitwayo xmlAddChild, ya kumpachika mtoto chini ya mzazi. Ukimpachika mtoto ambaye ni nodi ya maandishi, na mtoto wa mwisho aliyekuwepo naye ni maandishi, maktaba huyachukua maneno ya mgeni, huyaongeza kwa mwenyeji, kisha huifuta nodi ya mgeni kwenye kumbukumbu. Maneno yapo, nodi haipo. Kwa mwandishi wa C hilo limeandikwa kwenye maelezo, naye anatakiwa kutumia nodi anayorudishiwa na kuisahau ile aliyoileta. Kwa lugha ya skripti ni jambo jingine kabisa. Huko juu kuna kitu cha Ruby au Python kinachoamini kwamba kinashika nodi ile. Kikiulizwa maneno yake, kinaelekeza mahali palipokwisha kubomolewa, na programu yaweza kuanguka, au ikasoma takataka zilizokuja kupangishwa pale. Waliotunga Nokogiri wanaikwepa hatari hii kwa kupachika nakala ya nodi ya maandishi na kuishikilia ile ya asili isifutwe. lxml inaikwepa kwa njia ileile inayotupa taabu ya mikia: haikupi nodi ya maandishi uishike, inakupa nakala ya maneno tu. Usalama wa kumbukumbu umenunuliwa, na sehemu ya bei yake tumeiona kwa wavuvi.

Nimelitafakari sana hilo. Kati ya hasara mbili, programu kuanguka na sentensi kupungua, wahandisi wa dunia nzima wameiogopa ya kwanza na kuijengea kinga, na ni haki yao, kwa kuwa inaonekana na inamwaibisha mtu. Ya pili ameachiwa msomaji.

Herufi nazo zina habari yake. Tahajia za baadhi ya lugha za Mara zinatumia i na u zenye mstari katikati, ɨ na ʉ, kwa kuwa lugha hizo zina irabu saba na herufi tano za Kiswahili hazitoshi. libxml2 huhifadhi maandishi yote kwa UTF-8, na humo a ya kawaida ni baiti moja lakini ɨ ni mbili. Ndiyo maana maktaba ina njia mbili za kupima urefu: xmlStrlen inahesabu baiti, xmlUTF8Strlen inahesabu herufi. Aliyetengeneza kiunganishi akichanganya, neno litakatwa katikati ya herufi. Kosa hilo mara nyingi hupiga kelele na kusimamisha kazi, hivyo linakamatwa. Lisilopiga kelele ni la kibodi. Mtu asiye na ɨ kwenye kibodi yake anaweza kuandika i ya kawaida kisha akaongeza alama ya mstari inayokaa juu yake. Kwa macho ni kitu kilekile. Kwa Unicode ni vitu viwili ambavyo havitalingana kamwe, hata ukiiambia programu isawazishe maumbo ya herufi, maana ɨ haina mgawanyo rasmi wa sehemu zake, tofauti na á ambayo inao. Na Ʉ kubwa iliingizwa Unicode katika toleo la 5.0, mwaka 2006 tu. Kabla ya hapo aliyetaka kuanza sentensi kwa herufi hiyo alikuwa hana pa kuipata isipokuwa kwenye fonti za kubuni. Faili la zamani likifunguliwa leo linaweza kuwa na masalia ya nyakati hizo zote ndani ya nodi moja.

Mwalimu wa Butiama anaingia hapa kwa namna ambayo naiona ni ya haki. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Hakuridhika nayo, akaipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka kama Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, naye akiwa Rais wa nchi. Sasa ziweke tafsiri zile mbili za Kaizari kwenye XML kwa kanuni za TEI, ambazo wanafasihi wameziendeleza tangu 1987 kwa ajili ya kuhifadhi maandishi. Sehemu ni tano huku na tano kule. Maonyesho ni yaleyale. Msemaji anayefuata msemaji ni yuleyule, maana mpangilio ni wa Shakespeare na mtafsiri hakuugusa. Lebo za mafaili mawili zingekaribia kufanana tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yote ya mtu yule, kupima tena alichokwisha kukipima, kulitafuta neno lililo karibu zaidi na lile alilolitaka, imo ndani ya nodi zisizo na jina. Kompyuta ikilinganisha majina ya matawi peke yake itasema vitabu hivi ni kimoja.

Kwa hiyo nina dai, na nalisema kwa wote wanaozishughulikia lugha zetu kwa mashine, wawe Musoma, Dar es Salaam au Dallas. Skripti yoyote inayopita kwenye faili la lugha ianze kwa kutoa maneno yote, kutoka nodi ya kwanza hadi ya mwisho, na kuyaweka pembeni kama maandishi matupu. Imalize kwa kufanya hivyohivyo. Kisha yale mawili yalinganishwe, na kila tofauti iwe na mtu anayeweza kusema aliikusudia. Kazi hiyo ni ya mistari michache. Libxml2 yenyewe inayo xmlNodeGetContent, inayokusanya maneno yote yaliyo chini ya nodi, na kila kiunganishi kina njia yake ya kufanya hivyo. Nafasi tupu zitasumbua kidogo, kwa vile faili likipangwa upya lipendeze machoni huongezewa mistari mitupu ambayo nayo ni nodi za maandishi, lakini hizo zinachujwa.

Ulinganisho huo hautaliona kosa la ɨ mbili zinazofanana. Hautajua pia kama sentensi iliyobaki inasema kweli. Kwa hilo anahitajika mtu mwenye lugha, na kusema haki watu hao wamekuwa wakiitwa siku zote. Katika tafsiri za Biblia ni utaratibu unaojulikana kwamba rasimu hupelekwa kijijini, husomwa mbele ya wazungumzaji, nao huulizwa wameelewa nini, wapi pamewakwaza, wapi lugha si yao. Maktaba hizi zote hazijawahi kuwa na chombo cha kukagua maandishi kilicho bora kuliko bibi wa Kikabwa anayesikiliza akiwa na mashaka usoni.

Shida iko kwenye mpangilio. Bibi huyo husikiliza rasimu. Akisharidhika na kuagwa, ndipo faili linapoingia mikononi mwa skripti: tanbihi zinahamishwa, namba zinapangwa, sentensi za kamusi zinachomolewa, kurasa zinaumbwa kwa ajili ya mchapaji na simu. Maneno yanapita kwenye hatari yao kubwa kuliko zote baada ya mlinzi wao kurudi nyumbani. Kinachotoka upande wa pili kinaangaliwa na mtu anayejua lebo na fonti na pambizo, na ambaye mara nyingi hajui lugha.

Nakala inayofaa kusomwa kwa sauti Buswahili ni ile iliyotoka kwenye skripti ya mwisho, ikiwa na umbo lilelile itakalokuwa nalo dukani au kwenye simu, kabla mchapaji hajalipwa. Nauli kutoka Musoma, soda na karatasi za kuchapia ni gharama ndogo sana kwenye bajeti ya kitabu. Na wasisomewe kurasa za mwanzo tu, ambazo kila mtu amekwisha kuzipitia. Wasomewe hasa zile zilizokuwa na tanbihi, na zile sentensi za kamusi zinazotaja hospitali, pikipiki na shilingi.